MAJI YA NYANZA NA UHURU WA TAIFA
Mafunzo ya Msimamo wa 1962 kwa Makada na Wanafunzi

UTANGULIZI

Wako wanachama wengi, na wasomi si haba, wanaodhani kwamba mambo ya nchi za nje ni kazi ya mabalozi na mawaziri peke yao. Kwa fikra hiyo, mkulima wa Misungwi, mvuvi wa Ukerewe au mama wa Shinyanga anayeamka alfajiri kutafuta maji hana lake katika mikataba ya mataifa. Kazi yake ni kusikiliza redio na kupiga makofi mgeni anapopita.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo ni potofu. Kwa mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria, uhusiano wa nchi yake na nchi za nje umo ndani ya mtungi wake wa maji. Kwa miaka mingi mtungi huo ulikuwa mtupu, na sababu moja miongoni mwa kadhaa ilikuwa karatasi iliyotiwa sahihi Cairo na watu ambao hawakumwuliza. Hapana budi makada waijue historia hiyo. Si historia ya malalamiko. Ni historia ya taifa changa lililojifunza kumwambia rafiki yake "hapana", kisha likagundua kwamba kukataa ni mwanzo tu wa kazi.

JINA NA MPAKA

Tuanze na jina. Mwaka 1858, tarehe 3 Agosti, Mwingereza John Hanning Speke alifika karibu na Mwanza akaliona ziwa. Hakulivumbua. Alikwisha elezwa habari zake huko Kazeh, yaani Tabora ya leo, na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, na alifikishwa huko na wapagazi na viongozi wa misafara ambao njia hiyo waliijua. Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara na Waluo walikuwa wakilivua na kulivuka ziwa hilo vizazi na vizazi. Walikuwa na maneno yao ya kuliita, Nyanza likiwa mojawapo. Hata hivyo Speke aliliandika kwa jina la malkia wake, na jina hilo ndilo linalosomwa kwenye ramani mpaka leo.

Pengine msomaji atasema kwamba jina ni jambo dogo. Lakini anayekipa kitu jina huanza kujiona ndiye mwenye kitu hicho. Miaka 32 baadaye, katika mapatano ya 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki, na mpaka wao juu ya ziwa ukawa mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta. Mstari huo ulipita juu ya maji, juu ya njia za mitumbwi, juu ya undugu na biashara za watu wa pande zote mbili. Wenyeji hawakuwapo mezani. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

MAPATANO YA 1929

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika ilitoka mikononi mwa Wajerumani ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua rasmi kuhusu maji ya mto Nile. Katika barua hizo ilikubaliwa kwamba, bila ridhaa ya Serikali ya Misri, pasijengwe juu ya Nile, juu ya matawi yake, wala juu ya maziwa yanayoulisha katika nchi zilizo chini ya Uingereza, kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme itakayopunguza maji yanayofika Misri, kubadili wakati wa kufika kwake au kushusha kina chake kwa namna ya kuidhuru Misri.

Ni nani alifaidika? Misri ilipata hakika ya maji, na hatuwezi kusema wakulima wake hawakuyahitaji, kwani ni nchi ya jangwa ambayo uhai wake ni mto mmoja. Lakini Uingereza nayo ilikuwa na lake. Viwanda vyake vya nguo vilihitaji pamba ya Misri na ya Sudan, ambako mradi mkubwa wa Gezira ulikuwa umefunguliwa mwaka 1925. Kwa hiyo maji yalihesabiwa kwa marobota ya pamba.

Hapa ndipo unyonyaji ulipojificha, na makada wauangalie vizuri. Msukuma naye alikuwa akilima pamba. Ilikuwa pamba ya soko lile lile la dunia. Lakini pamba ya chini ya mto ilinyweshwa kwa mifereji, na pamba ya Usukuma, iliyolimwa umbali wa kutembea kutoka kwenye ziwa, ilisubiri mvua. Mvua ikikosekana, mkulima alipoteza pamba na chakula pamoja. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma baada ya 1947, ilichimba malambo ya kunyweshea ng'ombe na ikatoa amri nyingi za matuta na za kupunguza mifugo. Amri hizo ziliwachukiza watu na zikawa kuni katika moto wa kudai uhuru katika Jimbo la Ziwa. Maji ya malambo yalikauka kiangazi kikizidi. Ziwa lilikuwa pale pale, limejaa.

Mwaka 1959, tarehe 8 Novemba, Misri na Sudan ziligawana maji ya Nile kwa mkataba wao wawili: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu ya mto, Ethiopia ikiwamo, ambayo ndiyo chanzo cha sehemu iliyo kubwa kabisa ya maji hayo, hazikuwekewa fungu. Tanganyika ilibakiza miaka miwili ipate uhuru wake.

MSIMAMO WA 1962

Taifa linapopata uhuru hurithi mambo mengi: madeni, mipaka, sheria na mikataba. Je, lirithi yote? Walikuwapo wataalamu waliosema ndiyo. Walikuwapo pia waliosema taifa jipya huanza na karatasi nyeupe. Mwalimu Julius Nyerere alichagua njia ya tatu, akaitangaza kabla na wakati wa uhuru, Desemba 1961. Kwa mikataba iliyofanywa na Uingereza na nchi nyingine moja moja kwa niaba ya Tanganyika, nchi itaendelea kuiheshimu kwa muda wa miaka miwili. Katika muda huo kila mkataba utatazamwa: unaofaa utafanywa upya kwa hiari ya pande zote, na usiofaa utakoma, isipokuwa ule ambao sheria za kawaida za mataifa zenyewe zinaulinda. Msimamo huu umejulikana duniani kwa jina lake, na mataifa mengine mapya yaliufuata kwa namna moja au nyingine.

Juu ya maji ya Nile, Serikali ya Tanganyika haikungoja miaka miwili. Tarehe 4 Julai 1962 ilizipelekea Uingereza, Misri na Sudan barua kueleza kwamba mapatano ya 1929 hayaifungi, kwa sababu hayapatani na hadhi ya nchi huru. Ilieleza pia kwamba, kwa kutambua umuhimu wa Nile kwa nchi zote zinazoutumia, ilikuwa tayari kwa mazungumzo ya kugawana maji kwa haki. Misri haikukubali. Mwaka uliofuata ilijibu kwamba mapatano yale yataendelea kuwa na nguvu mpaka yapatikane mengine.

Tuutazame uzito wa jambo hili. Misri ya Gamal Abdel Nasser haikuwa adui. Ilikuwa rafiki wa ukombozi wa Afrika, mwenzetu katika siasa ya kutofungamana na upande wowote, na mwaka 1963 ilikaa nasi katika kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mtu mwenye fikra za haraka angesema: kwa kuwa ni rafiki, tunyamaze. Mwingine angesema: kwa kuwa anatunyima maji, si rafiki. Msimamo wa 1962 ulikataa makosa yote mawili. Ulikubali urafiki na ukakataa mkataba. Undugu ni kufaana, na kufaana hakuwezi kusimama juu ya makubaliano ambayo upande mmoja haukuulizwa.

Somo la kwanza, basi, ni hili: siasa ya nje ya nchi inayojitegemea haipimwi kwa wingi wa maadui wala kwa wingi wa marafiki. Inapimwa kwa uwezo wa kusema neno lile lile mbele ya mkubwa na mdogo, mbele ya beberu na mbele ya ndugu.

HAKI ILIYOKAA KWENYE FAILI

Sasa tufike mahali pagumu. Barua ilipelekwa 1962. Kazi ya kuvuta maji ya ziwa kwenda Shinyanga na Kahama ilianza 2004. Katikati kuna miaka zaidi ya arobaini. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa, na mama zao waliendelea kufukua mchanga wa mito mikavu ili wapate ndoo moja.

Kwa nini haki ilichelewa hivyo? Sababu ni nyingi, na si zote za kutoka nje.

(a) Mtaji. Bomba na mitambo ya kuvuta maji mbali vinahitaji fedha nyingi, na wakopeshaji wakubwa wa kimataifa walikuwa na kanuni zinazotaka nchi nyingine za mto wa pamoja ziarifiwe kwanza. Pingamizi la jirani lingeweza kuuchelewesha mkopo. Kwa hiyo mkataba uliokataliwa mlangoni ungeweza kurudi kupitia dirishani.

(b) Misukosuko ya eneo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ilivunjika 1977. Meli na reli zilizounganisha Mwanza, Kisumu, Jinja na Bukoba zikagawanywa. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na gharama ya vita vya 1978 na 1979 tuliibeba wenyewe. Uchumi wa miaka ya 1980 ulikuwa wa kutafuta sabuni na sukari.

(c) Udhaifu wetu. Haki ikiwekwa kwenye faili huzoeleka. Makada tulihutubia juu ya uhuru wa taifa pasipo kuuliza katika vikao: maji ya ziwa yatafika lini Shinyanga, kwa fedha gani, na nani anawajibika? Swali lisiloulizwa halijibiwi.

Mwaka 2004 Serikali iliamua. Chanzo cha maji kilijengwa Ihelele, wilayani Misungwi, kwa fedha za nchi yenyewe, na mkandarasi akawa kampuni ya Kichina. Misri ililalamika, na maneno ya magazeti yakawa makali kwa muda. Mradi ulizinduliwa rasmi mwaka 2009. Baadaye, kwa mkopo kutoka India, maji yale yale yakapelekwa mbele zaidi, Nzega, Igunga na Tabora, mji ule ambamo Speke aliambiwa habari za ziwa.

Je, Misri iliibiwa? Tupige hesabu. Mitambo ya Ihelele ilijengwa kwa uwezo wa lita milioni 80 hivi kwa siku. Kwa mwaka mzima hiyo ni mita za ujazo milioni 29 na kidogo. Linganisha na bilioni 55.5 ambazo Misri ilijiwekea 1959: ni kama pipa moja katika mapipa 1,900. Tena sehemu kubwa ya maji yanayotoka ziwani hupotea kwa jua katika mabwawa ya Sudan Kusini kabla ya kufika kaskazini, na maji mengi ya Nile yanayofika Aswan hutoka milima ya Ethiopia, hayatoki kwetu. Ziwa lenyewe hupata kama sehemu nne kwa tano za maji yake kwa mvua inayolinyeshea juu, na kiasi kinachokaribia hicho hurudi angani kwa mvuke. Kwa hiyo tatizo la msingi halikuwa ndoo ya mama wa Shinyanga. Tatizo lilikuwa kanuni: kwamba anywe kwa ruhusa.

Kodi ya mwananchi ilifanya kile ambacho barua haikuweza kufanya peke yake. Hilo ndilo somo la pili: haki ya kisheria bila kazi na akiba ya wananchi ni ahadi tu. Kujitegemea ndiko kulikoigeuza ahadi hiyo kuwa bomba.

MFANO WA SANGARA

Anayetaka kuona haki isiyo na nguvu ya uchumi autazame uvuvi. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, upande wa kaskazini, kwa uamuzi wa watawala wa uvuvi wa wakati huo. Wavuvi wa Mwanza hawakuulizwa, wala dagaa, furu na sato hawakuwa na wa kuwatetea. Furu wa aina nyingi walitoweka. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na minofu ikasafirishwa Ulaya. Fedha za kigeni ziliingia na ajira ikapatikana, hatuwezi kukana. Lakini mnofu ulipopanda ndege, watu wa kipato cha chini walibakiwa na kichwa na mifupa, wakaipa jina la mapanki. Na Ulaya ilipofunga soko mwaka 1999 kwa sababu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, mvuvi wa Sengerema alijua siku ile ile kwamba bei yake inapangwa mbali na mwalo.

Katika maji tulikuwa na mkataba mbaya tukaukataa. Katika samaki hapakuwa na mkataba wa kukataa. Palikuwa na soko tu, na soko halina anwani ya kupelekea barua. Dawa yake ni nyingine: ushirika wa wavuvi wenye mtaji wao, ulinzi wa mazalia, na umoja wa nchi zinazolizunguka ziwa. Kwa ajili hiyo Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda mwaka 1994 shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria, makao yake yakiwa Jinja.

KUTOKA KUKATAA HADI KUPATANA

Kukataa mkataba wa zamani hakutoshi. Lazima uwepo mwingine wa haki, kwa sababu maji hayajui mpaka wa 1890. Magugu maji yaliyoziba mialo yetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 yaliletwa na mto Kagera kutoka nchi za juu yetu. Maji ya ziwa yaliposhuka sana mwaka 2005 na 2006, ukame ulikuwa sababu, na mitambo ya umeme ya Jinja iliyoachilia maji kupita kiasi kilichokubaliwa ilikuwa sababu pia. Wakati huo sisi tulikuwa watu wa juu ya mto tunaolalamika, kama Misri inavyolalamika ikiwa chini ya mto. Jambo hilo lapaswa kutufunza unyenyekevu.

Februari 1999 nchi za bonde la Nile zilikutana Dar es Salaam zikaanzisha ushirikiano wao, makao yake yakawekwa Entebbe. Baada ya mazungumzo ya miaka mingi, tarehe 14 Mei 2010 Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia sahihi huko Entebbe mkataba mpya wa matumizi ya maji kwa haki na bila kudhuriana. Kenya ikafuata siku chache baadaye, na Burundi mwaka 2011. Misri na Sudan zilikataa, kwa kuwa zilitaka matumizi na haki zao za zamani zitajwe kuwa hazitaguswa. Tanzania iliuridhia 2015. Sudan Kusini ilipouridhia mwaka 2024 idadi ya nchi sita ilitimia, na tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba ukaanza kufanya kazi kati ya nchi zilizouridhia.

Hata hivyo urafiki na Misri haukufa. Desemba 2018 Tanzania ilitiliana sahihi na kampuni za Misri ujenzi wa bwawa la umeme la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Bwawa lenye jina la mtu aliyeikatalia Misri mwaka 1962 lilijengwa na Wamisri. Atakayesema kwamba kusema kweli huvunja urafiki ajibiwe kwa mfano huo.

WAJIBU WETU

Ndugu makada na wanafunzi, ni rahisi kuwahukumu wakoloni wa 1929, kwani hawapo kujibu. Ni vigumu zaidi kujipima wenyewe kwa kipimo kile kile. Kipimo chenyewe ni swali moja: nani aliulizwa?

Bomba linapopita kijijini bila kuacha bomba la jamii, nani aliulizwa? Kandokando ya ziwa, ambako sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, mwenye fedha anapojenga ukuta hadi majini na njia ya wachota maji ikafungwa, nani aliulizwa? Mto Mirongo unapokatiza jiji la Mwanza ukibeba taka zetu hadi ziwani, Mwingereza yuko wapi wa kulaumiwa? Na mama akipata maji karibu lakini bei ya ndoo ikamshinda, tofauti ya bei na mkataba kwake ni ipi? Kote kuwili ndoo inarudi tupu.

Kwa hiyo inafaa kila tawi lililo kandokando ya ziwa, na kila darasa la siasa, lifanye mambo matatu. Kwanza, lisome mapatano ya 1929, msimamo wa 1962 na mkataba wa 2010 pamoja, ili wanachama wajue mali yao ilivyopotea na ilivyorudi. Pili, lihesabu kaya za eneo lake zenye maji na zisizo nayo, na kuiweka hesabu hiyo mbele ya viongozi kila kikao. Tatu, lilinde mwalo, mto na mazalia ya samaki ya eneo lake kama linavyolinda mpaka, kwa kuwa haki ya kutumia ziwa ina maana tu iwapo ziwa litakuwapo.

Uhuru wa 1961 ulitupa kiti mezani. Barua ya 1962 ilikuwa neno letu la kwanza juu ya maji. Bomba la Ihelele lilikuwa tendo letu la kwanza kubwa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba mama wa Shinyanga, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa hoja katika hotuba zetu, anakuwa mwenye neno katika kikao kinachoamua maji yake yaende wapi na kwa bei gani.